Kitufe Kinachocheza

Fundi wa kalibu, yale machuma ya kumiminia plastiki, pale kiwandani Shenzhen ameacha ukucha wa kidole gumba urefuke, na huo ndio anaoupitisha kwenye maungio ya kila plastiki, kama mama mkwe anayetafuta vumbi juu ya kabati. Kitufe cha spika ndogo hukibonyeza kando ya sikio, amefumba macho, kisha huguna. Qiu Lan ndiye aliyeibuni hiyo spika ndogo. Sampuli yake ya kwanza, ya kuchonga kwa mkono, kitufe chake kilikaa barabara. Zilizotoka kwenye kalibu, vitufe vyake vyote vinacheza kama jino la mtoto linalotaka kung'oka, na Qiu Lan asipopata sampuli ya kuidhinisha kwa saini leo, mashine anapewa mteja mwingine.

"Fundi, si uikwangue kalibu mara moja tumalize?"

"Chuma kikitoka hakirudi, binti. Ukitaka kinachoota tena, nenda kanyoe nywele."

Kalibu ikikwanguliwa, tundu lake hupanuka na kitufe hunenepa. Ikizidi kidogo tu, kinakwama na kalibu ni ya kutupa. Kwa hiyo fundi anakwangua kidogo, anatoa sampuli, anaguna, anarudia. Kabla ya mkwaruzo wa mwisho, Qiu Lan alimwona akijifuta kiganja kwenye suruali. Kumbe naye huogopa.

Kitufe kilishuka, kikapanda chenyewe bila kucheza. Fundi akamsukumia kalamu.

"Saini upesi, kabla mkono haujaanza kuniwasha nikwangue tena."