Kaa Ukingoni mwa Kundi

Nakumbuka, mdogo wangu, swali lililoninyima usingizi kabla ya maandamano yangu ya kwanza pale Migori: watu wakianza kukimbia, nikimbie au nisimame? Shahada nilikuwa nayo, jibu sikuwa nalo. Kulipokucha nikaenda Rangwe kwa babu.

Ujanani babu aliongoza tero buru, ile desturi ya kukimbiza fahali kwa ngao na vifijo ili kukifukuza kifo mzee anapozikwa. Mpaka leo vijana humwita awapange, na sijasikia aliyeumia mbele yake.

"Nyakwara," alinicheka, maana ndivyo amwitavyo mjukuu wake, "umesoma mpaka ukajifunza kuogopa?" Akatazama ndara miguuni mwangu. "Na patipati hizi? Hata kuku atakupita!"

Kisha akaacha mzaha. "Kwenye buru hukanyagwa aliye katikati, asiyejua lango liko wapi. Kaa ukingoni. Usiende peke yako. Mkipotezana, mjue mtakutana wapi. Na fahali akija, mpishe. Usimwoneshe pembe usizokuwa nazo."

"Na nikikamatwa, babu?"

"Hapo msomi ni wewe. Katiba inasemaje?"

Nikanong'ona: naruhusiwa kuandamana kwa amani, bila silaha. Nikikamatwa niambiwe sababu, ninaweza kunyamaza, nipate wakili, na kwa kawaida nifikishwe kortini kabla ya saa ishirini na nne kupita.

"Unamwambia nani, sisimizi? Rudia!"

Nikarudia mpaka mbwa wake akatuhama.

Siku ya maandamano nilienda, nimevaa raba za kamba, nina maji na kitambulisho, namba ya wakili nimeiandika mkononi kwa kalamu. Vitoa machozi viliporushwa pale Suna, mjini Migori, nilimvuta rafiki yangu Achieng' tukashika kijia cha kando. Askari akanidaka bega.

"Afande, kosa langu ni lipi?"

Sauti ilitetemeka, lakini ilitoka. Akanitazama, akaniachilia. Si kila askari atakuachilia, ndiyo maana namba ikae mkononi na nyumbani wajue ulikoenda.

Leo zamu ni yako, mdogo wangu, na naona hukulala. Tahadhari kabla ya hatari: usishike jiwe, usimfuate anayelishika. Haki ni yako, na mwili ni wako vilevile. Virudishe vyote nyumbani. Mungu aliyemlinda babu kati ya pembe akulinde nawe.

Nimeshafunga kamba zangu. Funga zako, twende.