Nusu Kichwa Kwenda Matonge

Jumamosi ile maman aliamka na wanawake wawili kichwani. Upande wa kulia alikuwa amesukwa kama malkia, upande wa kushoto nywele zilikuwa zimesimama kama zimeona polisi. Ijumaa jioni alikuwa kwenye kiti cha saluni kule Galerie d'Ixelles, Matonge, mtaa wa Waafrika huku kwa Wabelgiji, theluji ilipoanza kumwagika, akalazimika kukimbilia basi la mwisho la kurudi kwetu Evere katikati ya kazi.

Na mchana ilikuwa harusi. Anayeolewa ni binti wa dada yake, lakini dada mwenyewe yuko Lubumbashi, amenyimwa viza. Kwa hiyo maman ndiye angemwingiza bibi harusi kanisani, na picha zingetumwa nyumbani.

"Dada yangu ataona harusi ya mutoto yake ndani ya picha tu," alisema, "alors miye niingie mule na kichwa ya nusu?"

"Funga kitambaa," papa alithubutu.

"Kitambaa ni ya matanga!"

Mimi nikashauri apigwe picha za upande wa kulia peke yake. Ndala ikapita karibu na sikio langu.

Mabasi hayakutoka. Tramu zimelala. Msusi, ambaye naye alikwama akalala kulekule saluni, akapiga simu: njoo mapema, baadaye nina kichwa cha bibi harusi.

"Bon," papa akasema. "Tutaenda na kinga."

Kinga ni baiskeli, kwetu watu wa Katanga. Papa anaamini kwamba theluji ni mchanga uliooga tu, na yeye mchanga wa Lubumbashi aliumaliza zamani. Akapunguza upepo kwenye matairi yasiteleze. Kufuli la kinga lilikuwa limeganda. Akalimwagia birika zima la maji ya moto, na gurudumu la nyuma likapata bafu lake. Kufuli likafunguka.

"Munaona? Hii njo akili ya muntu mukubwa."

Maman akapanda nyuma kwenye keria, miguu upande mmoja, koti juu ya kitenge, mfuko wa plastiki kichwani. Mimi nikafuata na baiskeli yangu, nywele za bandia za kusukia nimezizungusha shingoni kama skafu.

"Polepole, papa! Uko unanibeba ao uko unaniuza?"

"Nyamaza, unaharibu équilibre."

"Zamani ulikuwa unaimba."

"Zamani ulikuwa mwepesi."

"Simama! Nashuka!"

Kinga ikasimama yenyewe. Papa alikuwa anakanyaga pedali, zinazunguka vizuri sana, lakini gurudumu halina habari. Maji ya akili ya mtu mkubwa yalikuwa yameingia ndani ya kitovu cha gurudumu yakawa barafu, na pedali hazikulivuta tena. Mwalimu wangu wa fizikia angelia kwa furaha. Mimi nilicheka mpaka nikaanguka.

Maman akataka kushuka kweli. Papa akatazama vile viatu vyake vyembamba vya kanisani.

"Bakia juu," akasema.

Akaanza kusukuma. Alisukuma kama wauza makala, yaani makaa, wa Lubumbashi wanavyosukuma baiskeli zilizolemewa magunia. Mzee mmoja Mbelgiji, aliyekuwa akizoa theluji mlangoni pake, akatutazama, akaacha sepetu. Kumbe aliwahi kuishi kwetu Katanga.

"Jambo, papa! Makala bei gani?"

"Hautaiweza, mzee!" maman akajibu kutoka juu, mfuko wake kichwani.

Papa aliteleza, akateleza tena. Kila mara magoti yake yalitua kwenye tope la theluji, lakini mikono ilibaki juu, imeshika kinga, na maman hakuguswa na tone. Hapo niliacha kucheka, jambo ambalo shuleni kwetu hawataliamini. Nikaacha baiskeli yangu kwenye ukuta, nikaja kusukuma kwa nyuma. Tulipanda barabara ya Chaussée d'Ixelles hivyohivyo, watu wakitupigia makofi, maman akipunga mkono.

Msusi alimaliza. Kanisani maman aliingia na bibi harusi, kichwa kizima, shingo ndefu kama twiga aliyepandishwa cheo.

Picha zilipofika Lubumbashi, dada yake alipiga simu. Kwanza alilia. Maman naye akalia. Halafu tukasikia:

"Lakini dada, mbona bwana yako ameloa suruali kanisani?"

Papa akakohoa. Mimi nikavuta pumzi ya kueleza.

"Achana na suruali," maman akasema. "Angalia kichwa."