Harufu ya Machungwa, Pembe ya Kifaru

Jirani amemenya chungwa kwenye ngazi, na harufu imenirudisha ndani ya basi la shule, katikati ya mbuga. Kifaru alisimama ubavuni mwetu, karibu sana hadi tukaona kupe sikioni mwake. Tuliacha kutafuna machungwa yetu. Rafiki yangu akainua kiganja agonge bodi ya basi mara mbili, vile makanga humwambia dereva twende. Mwalimu akaudaka mkono hewani.

"Usigonge, wewe! Hiyo pembe itatutoboa," dereva alinong'ona.

Pembe ikakwaruza mlango, tukaisikia chini ya nyayo. Kisha kifaru akaenda zake, polepole.

Jioni, tulipofika na kusimama mtaani Gatina, makanga fulani akapita akigonga basi letu mara mbili. Sote tulijitupa chini ya viti. Dereva alikuwa ametutangulia huko chini.