Matairi Yaliyopakwa Kiwi

Ipo siku moja ambayo hainitoki, mwanangu, na kila ninaponusa kiwi nyeusi ya viatu inanirudia yote. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, na nilijiona mjanja kuliko wenzangu wote wa Bariadi. Jana ulinitumia picha ya gari lako jipya kwenye simu, lile jekundu lililolala chini, pamoja na picha ya matairi manne unayotaka kulifunga, ukaniuliza, "Baba mkubwa, unayaonaje?" Nimeyaona. Ila kabla sijakujibu, tulia nikusimulie habari ya babu yako na mguu wake. Ulimkuta tayari anatembea kwa fimbo, na hakuna aliyewahi kukuambia sababu. Sababu ni mimi.

Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa. Tangu utoto wetu pamba ilinunuliwa na ushirika peke yake, halafu ghafla wakaja wanunuzi binafsi na mizani zao, kila mmoja akiwaita wakulima upande wake. Nilipata kazi ya kupima pamba kwa mmoja wao, na msimu ukiisha nilikuwa nasafirisha dagaa kutoka Lamadi. Fedha zilionekana, na vitu vya mitumba navyo vikajaa kila mahali: makoti, redio, friji, magari, hata matairi. Vijana wenzangu walinunua pikapu za kubebea mizigo. Mimi nikanunua gari la spoti la milango miwili, lililokwisha kutumika Japani. Watani wangu waliliita Kenge, kwa jinsi lilivyokwenda tumbo likikaribia kugusa ardhi. Sikukasirika hata kidogo. Nilipenda watu wageuke linapopita.

Baba yangu, Mzee Masunga, hakujua lolote kuhusu magari. Alikuwa mtu wa ng'ombe, na siku za mnada watu walimbembeleza waandamane naye. Wewe umekulia mjini, kwa hiyo nikueleze mchezo wa mnadani. Ng'ombe aliyekonda hulambishwa chumvi nyingi, kisha hunyweshwa maji mpaka tumbo linajaa na mbavu zinapotea. Mgeni akimwona anadhani kapata mnyama mwenye afya. Akifika naye nyumbani, maji yanatoka na ng'ombe anabaki mbavu tupu. Baba hakuwa na habari na tumbo. Aliinua kwato, akafunua mdomo, akabonyeza ngozi ya shingo kwa kidole gumba, na kama hakuridhika alisema tu, "Huyu kanyweshwa," akapita kwenda kwa mwingine. Alinifundisha hayo nikiwa mdogo, na sikuwahi kudanganywa mnadani hata mara moja. Nilikuwa najisifia jambo hilo mbele za watu.

Sasa, wakati huo nilikuwa nimempenda Minza wa kule Nassa, mama yako mkubwa huyu huyu anayekutumia karanga kila mwaka. Wazee wakapanga siku ya kwenda kwao kuzungumza ng'ombe wa mahari. Kijana anayeposa haingii kwenye kikao kile, unajua, lakini nilisema nitampeleka baba kwa gari langu, na nia yangu hasa ilikuwa Nassa wote walione. Matairi ya Kenge yalikuwa yamebaki vipara. Nikaenda Lamadi kwa fundi Maduhu, mtu mzima mpole aliyekuwa na gereji pale kando ya njia panda, nikamwambia nataka matairi mapana kama ya magari ya mashindano.

Maduhu aliendelea kufunga nati aliyokuwa nayo mkononi, kisha akajifuta mikono.

"Bwana mdogo, tairi la mashindano linashika likipata joto," alisema. "Joto hilo linakuja kwa mwendo mkali, na mwendo huo huwezi kuupata hapa mpaka umalize ng'ombe wote wa barabarani. Likiwa na ubaridi halishiki kitu. Halafu kashata zake ziko wapi? Mvua ikinyesha, maji yatapita wapi?"

Kashata ni ile mifereji ya tairi, mwanangu. Nikamuuliza anashauri nini.

"Gari unaendesha mtaani, lifunge matairi ya mtaani. Nunua mapya, saizi ile ile iliyoandikwa kwenye fremu ya mlango, yote manne ya aina moja, yenye kashata za kutoa maji. Na ubavu usiwe mfupi sana, maana kutoka hapa mpaka kwenu ni changarawe tupu."

"Hayo membamba? Gari litaonekana kama la mwalimu mkuu."

"Mwalimu mkuu anafika shuleni kila siku," alisema Maduhu, akarudi kwenye nati zake.

Nilimwona mshamba. Wiki ile ile nikaenda Mwanza, nikampata mtu aliyekuwa akiuza matairi ya mitumba. Alikuwa ameyaegemeza ukutani, mapana, meusi ti, yanang'aa, na ubavuni yana maandishi meupe. Kashata zilikuwa mistari michache tu, tena ya juu juu. Nilipoyashika, viganja vilibaki vyeusi na vikanuka kiwi. Harufu ile naijua vizuri, maana nilikuwa napiga kiwi viatu vyangu kila Jumapili. Nikajiambia kwamba mpira mpya ndivyo unavyonuka. Hapa ndipo ninapojionea aibu hadi leo. Mimi ambaye sijawahi kununua ng'ombe aliyenyweshwa maji, nililipia matairi manne yaliyopakwa kiwi, na nikaondoka nikipiga mluzi.

Asubuhi ya safari nililiosha Kenge mpaka likawaka. Wajumbe wengine walikuwa wametangulia kwa basi. Baba akatoka amevaa koti lake la kanisani, tukaamkiana, akalizunguka gari polepole. Nilidhani analistaajabia. Akafika gurudumu la mbele, akachuchumaa, akaingiza kidole gumba ndani ya kashata, akaufungua ule mstari kama anavyofunua mdomo wa ng'ombe. Akakaa hapo muda mrefu.

"Ng'wanone, njoo uone."

Yaani "mwanangu" kwa Kisukuma, na aliniita hivyo pale tu alipokuwa hana mzaha. Nikainama. Chini kabisa ya mstari, mahali kiwi haikufika, mpira ulikuwa na nyufa nyembamba nyingi, kama udongo wa mbuga wakati wa kiangazi.

"Huyu kanyweshwa," alisema baba.

"Baba, hili ni tairi, si ng'ombe."

"Naona. Na kule ziwani naona wingu. Twende stendi tukapande basi."

Hasira zilinipanda. Nilimwambia watu wa Nassa wameshachinja na wanatusubiri, nikamwambia gari nimelinunua kwa jasho langu, na nikamwambia yeye ashughulike na ng'ombe wake. Neno hilo la mwisho nilimwambia baba yangu mzazi, mbele ya mama. Kama hataki, nikasema, apande basi, mimi nitakwenda peke yangu.

Baba alisimama, akapangusa goti, akafungua mlango, akaingia kiti cha mbele. Nilijiona nimeshinda.

Kwenye changarawe hadi Lamadi tulikwenda taratibu, mawe yakigonga tumbo la Kenge. Tulipoingia lami kuelekea Nassa, manyunyu yakaanza. Sikuwa mbio, mwanangu. Nakuomba hilo ulishike, kwa sababu vijana mnadhani ajali ni za wanaokimbiza tu. Mwendo wangu ulikuwa wa kawaida, na baba alikuwa akiniambia habari za mpaka wa shamba, na nadhani alikuwa amekwisha kunisamehe. Mbele yetu kundi la ng'ombe likaanza kuvuka barabara. Walikuwa mbali, nafasi ya kusimama ilikuwepo, na dereva yeyote mwenye matairi mazima angesimama. Nikakanyaga breki. Magurudumu yakagoma kuzunguka, lakini gari likaendelea kwenda. Nikazungusha usukani, halikusikia. Likateleza kiubavu kwenye maji hadi ukingo wa karavati, na upande uliogonga ulikuwa upande wa baba.

Wachungaji ndio waliomtoa. Alikuwa amevunjika nyonga. Mimi sikuwa na hata mchubuko, na nilikaa kwenye majani yaliyolowa nikilia kama mtoto, wakati mtu mzima aliyevunjika ndiye alikuwa akiwauliza wachungaji kama ng'ombe wao wamepona wote.

Alikaa hospitalini miezi. Wazee wa Nassa walikuja kumwona, na baba wa Minza akaniita pembeni ya wodi. Hakunigombeza. Aliniuliza swali moja tu: "Alikuonya?" Nikasema ndiyo. Akasema posa isubiri mpaka baba yangu aweze kukaa kwenye kikao mwenyewe. Tulisubiri mwaka mzima, na Minza alisubiri nami, jambo ambalo sijamaliza kumshukuru.

Baba aliporudi nyumbani kwa fimbo, aliomba tairi moja la Kenge lipelekwe kwa fundi wa makatambuga, vile viatu vya mpira wa tairi, pale sokoni, walau apate kandambili za kuchungia. Fundi alilikata, akalirudisha. Mpira ulikuwa umezeeka na kukauka, ukikunjwa unakatika. Matairi niliyoyafunga ili watu wa Nassa wanione, hata kandambili hayakutoa. Baba alicheka sana siku hiyo. Mimi sikuweza kucheka.

Mnadani hakurudi tena. Nyonga yake haikukubali kusimama kutwa kwenye vumbi. Nilikwenda mimi badala yake, nikirudi anauliza kwato, anauliza meno, nami namweleza. Siku moja tukiwa tumekaa hivyo, nikapata ujasiri wa kumwuliza jambo lililokuwa likinila moyo. Aliona nyufa, alijua, na basi lilikuwepo. Kwa nini alipanda?

"Kukuonya nilikuonya, hukusikia," alisema. "Ungekwenda peke yako. Sasa mimi ningekaaje ndani ya basi?"

Mwanangu, nimeuza matairi hapa Bariadi kwa miaka mingi tangu wakati huo, na wateja wananitania kwa kuniita Mzee Kidole, kwa sababu siuzi tairi kabla sijaingiza kidole kwenye kashata zake mbele ya mteja. Basi nikujibu ulichoniuliza. Yale ya kwenye picha ni ya mashindano, na wewe huendi mashindanoni, unakwenda kazini na kwa wakwe. Achana nayo. Gari la spoti lina nguvu na breki kali, lakini vyote hivyo vinafika barabarani kupitia sehemu nne ndogo za mpira, kila moja kama kiganja chako. Nunua mapya, soma tarehe ya kutengenezwa iliyo ubavuni, na tairi lililokaa miaka mingi dukani lisikudanganye kwa kung'aa. Fuata saizi ya mlangoni. Yote manne yawe ndugu, usichanganye. Yawe na kashata za kutoa maji, na upepo upime asubuhi kabla gari halijatembea. Likionekana kama la mwalimu mkuu, liache lionekane hivyo. Na mtu asiyejua magari akikuambia kitu kuhusu gari lako, usimcheke mpaka umeinama na kuangalia anapoonyesha.

Mimi sasa ni mzee, magoti yanauma na safari sizipendi. Lakini kama moyo wako umekataa na ni lazima ufunge yale ya kwenye picha, nipigie simu kabla hujawasha gari. Nitakuja, nitafungua mlango, nitakaa kiti cha mbele.

Mungu akutangulie njiani na akurudishe mzima, mvua ikukute umejiandaa, na watoto utakaowazaa wakusikie mapema kuliko nilivyomsikia baba yangu. Wabeja, mwanangu, asante kwa kuniuliza.