Chungu cha Akwii Ghalani

Kwa Akwii, mteja wa kweli ni yule ambaye mrija wake umechomekwa kwenye paa la nyasi ukimngoja. Wangu upo pale tangu nianze kazi ya kupitisha makaratasi ya malori hapa mpakani Malaba. Kwa hiyo nikisema habari za mama huyu, mimi Okwara, sisemi za kuambiwa.

Ni mjane wa Kiteso, mfupi, mchache wa maneno, na kila mlevi asiye na adabu anaujua mkono wake. Anapika ajono, pombe yetu ya wimbi. Machicha ya wimbi lililochacha yanatiwa chunguni, yanamwagiwa maji ya moto, na watu wazima wanaketi kukizunguka wakivuta kwa mirija mirefu. Ana vyungu vya biashara vya kutosha. Lakini alikuwa na kimoja ambacho mteja hakugusa, hata awe chifu. Alikirithi kwa mama mkwe wake, na kilikuwa cha majina. Mtoto akizaliwa katika ukoo ule, bibi huchovya kidole kwenye pombe ya chungu hicho, akamtia mtoto mdomoni huku akitaja majina ya waliotangulia, moja baada ya jingine. Jina litakalomfanya mtoto anyonye, ndilo lake. Mumewe marehemu alipata jina hapo. Mwanawe Ejoku vilevile. Na sasa Anyait, mke wa Ejoku, alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, na wimbi la kumpa jina lilikuwa tayari limeloekwa.

Ndipo akaja Mulama.

Mulama ni msanii, mzaliwa wa Busibwabo, hapo tu. Alikwenda ng'ambo kusomea sanaa, akarudi na miwani mizito na maneno mazito zaidi. Angekuwa Mzungu ningemsamehe, maana mgeni ni kipofu. Lakini babu yake huyu alivuta mrija kama sisi, na hilo ndilo linaloniuma.

"Mama, naomba hii chungu kwa show tu," alisema. "Watu wa Nairobi na wa embassy waone urithi yetu. Itarudi kabla mtoto apewe jina."

"Haitapasuka?"

"Nitaichunga kama yai, mama."

Akwii alifurahi, siwezi kuficha. Miaka yote watu walikuja kwake kulewa na kutukana serikali. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ana kitu cha kutazamwa. Akakifuta chungu kwa khanga yake mpya, akampa.

Maonyesho yalikuwa katika ghala kuukuu nyuma ya foleni ya malori. Wageni walishuka kwenye basi lao wakiwa na maji yao ya chupa. Wenyeji tulisimamishwa mlangoni tukidaiwa kadi ya mwaliko. Akwii alikuwa nayo, nami nikapita nyuma yake nikiwa nimebeba birika la maji ya moto.

Hilo birika ndilo kosa letu. Kwetu, chungu hakialikwi mahali kikiwa kikavu. Ukiomba chungu cha mtu kwa sherehe, mwenyewe huja na machicha yake, na wageni hunywa. Akwii alidhani ndivyo alivyoombwa. Alikuwa ameleta machicha yote ya mjukuu, kichwani, ili watu wa Mulama wasije wakaondoka na kiu. Mengine angeloeka tena.

Tulikuta chungu juu ya nguzo ya chuma, kimezungukwa na kamba, na chini yake shuka jeupe. Hapakuwa na kiti hata kimoja. Watu walikuwa wamesimama, vichwa upande, kimya kama waliofiwa na mtu wasiyempenda.

"Mama, usiguse," soja akasema. "Hii ni kazi."

"Kazi ya nani? Hii ni chungu yangu."

Akapita chini ya kamba. Akatia machicha, akanyoosha mkono nikampa birika, akamimina. Kwa kitambo kidogo palikuwa na harufu nzuri, ya nyumbani. Kisha pombe ikaanza kushuka kwenye nguzo, ikachafua lile shuka. Akwii akapeleka mkono chini ya chungu kutafuta ufa. Hakukuta ufa. Alikuta tundu, la duara, limetobolewa kwa mashine ili chuma kipite.

Akapiga ukemi, ule tunaopiga maiti ikiingia boma.

Wakapiga makofi. Naapa, walipiga makofi! Simu zikainuliwa. Mama mmoja wa basi alikuwa analia huku anarekodi. Nilimtazama Mulama, nikidhani atawanyamazisha. Alimsogelea Akwii sikioni, nami nikasikia alichosema.

"Hapo hapo, mama. Usitoke."

Nilimtukana kwa lugha tatu. Soja akanitoa nje, na hapo ndipo nilipomaliza kuona sanaa.

Chungu hakikurudi. Mulama alituma ujumbe kwamba kimenunuliwa pamoja na madoa yake, na kwamba hakiwezi kuoshwa tena. Akamshukuru Akwii kwa moyo wake.

Wimbi likaloekwa upya, na tukakutana kumpa mtoto jina kwa ndoo ya plastiki. Akwii alikuwa ameshachovya kidole Ejoku alipochomoa simu. Alidhani atamfurahisha mama yake. Video ilikuwa imefika mpaka Ulaya, na chini yake palikuwa na maandishi.

"Soma," Akwii akasema.

"Imeandikwa, 'Kiu ya Mpaka. Msanii, Paulinus Mulama.' Halafu vitu ametumia. 'Chungu, chuma, wimbi, mwanamke.'"

"Mwanamke gani?"

Ejoku akasogeza maandishi juu, akayarudisha chini. "Hawajaandika, mama."

Akwii alikitazama kile kidole chake kinachodondosha pombe. Kisha akakifuta kwenye khanga, pole pole, akamrudishia Anyait mtoto.

"Nyinyi kunyweni tu," akatuambia. "Mimi leo sina jina ya kupea mtu."

Mirija ilibaki kwenye paa. Mtoto sasa anatambaa, ameota meno mawili, na kliniki wanamwita Mtoto wa Anyait.