Damu ya Wajomba

Mwanangu, ningali naikumbuka siku tulipomshusha mdogo wangu Ewoi kutoka kwenye pikapu iliyotutoa Lorugum, mbele ya hospitali moja ya Lodwar, kitambaa mdomoni kimelowa damu. Alikuwa ameng'olewa meno mawili ya chini, kama desturi yetu ilivyokuwa. Wenzake walitema mate, wakacheka, wakarudi kwa mifugo. Yeye damu ilikataa kuganda.

Daktari alitazama magoti yaliyovimba na mabaka ya damu iliyovilia chini ya ngozi, akauliza kama kuna mtu wa ukoo aliyewahi kuvuja damu namna hii. Baba akasema hakuna. Mama akainamisha macho. Mahari yangu ilikuwa ikizungumzwa, na baba mkwe mtarajiwa alikuwa amesimama pale pale. Ndiye aliyetutafutia gari.

Nyanya, mamake mama, alikuwa ameketi sakafuni na rozari yake.

"Baba Ewoi," alisema polepole, "unamficha nani? Kijana anaisha." Kisha akamgeukia daktari. "Nilizaa wavulana wawili. Mmoja alijikata kidogo na kisu. Mwingine alianguka tu. Wote nimewazika. Binti zangu hawaumwi kitu."

Hapo daktari akajua pa kutafuta. Walipima damu ya Ewoi inachukua muda gani kuganda, nyingine ikapelekwa Eldoret, ikaonekana amepungukiwa kitu kimoja kinachoigandisha. Alitiwa dawa, akaishi, namshukuru Mungu. Tuliambiwa si laana: mama huweza kuubeba ugonjwa huu bila kuumwa, akamrithisha mwanawe wa kiume.

Baba mkwe akamgeukia baba.

"Basi wakizaliwa wavulana tutawaleta wapimwe," akasema. "Na meno yao yabaki. Watatafuna nyama kutushinda sisi."

Ndivyo nilivyoolewa.

Wewe uliye Kakuma na watoto wadogo, ukiona kidonda kidogo kinavuja bila kukoma, au kiungo kinavimba bila sababu, mpeleke mtoto apimwe. Usimpe dawa ya maumivu ya dukani kabla ya kuuliza, maana nyingine huzidisha kuvuja. Si kila kuvuja ni kwa kurithi. Hata ini likiugua damu huchelewa kuganda. Lakini ukiulizwa habari za wajomba, sema yote, hata mbele ya wakwe.

Mungu akupe kinywa kisichoogopa, na akujalie kuzeeka ukiwa na wanao wote.