Kufuli la Stoo ya Kijiji

Kila ninapopanga chumba kipya, na nimepanga vingi, Tabora, Mpanda, Morogoro, na sasa Tabora tena, kazi yangu ya kwanza ni kujaribu kulifungua kufuli nililonunua kwa kila ufunguo nilio nao. Wenye nyumba hunitazama kama mtu mwenye matatizo ya akili. Nawaacha wanitazame.

Mazoea hayo niliyapata nikiwa na miaka ishirini na miwili, katika kijiji cha ujamaa kilichokuwa mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka kituo cha treni cha Kintinku. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, hesabu nazijua, mwandiko unasomeka, nikapewa kazi ya kuuza duka la kijiji.

Kabla ya kuhamia pale, kila familia ilikaa kwenye tembe lake mbali na jirani, na mlango ulizuiwa kwa gogo kwa ajili ya fisi, si kwa ajili ya watu. Kijijini tulipangwa kwa mistari, nyumba ikitazama nyumba, na jirani alikuwa mtu unayemjua kwa salamu tu. Mwaka ule wa kwanza kila mtu akataka kufuli. Kwa kuwa mimi ndiye niliyekwenda Manyoni kuleta bidhaa za duka, walinituma mimi.

Manyoni palikuwa na mzee mwenye duka la vifaa vya chuma aliyeuza makufuli mazito kutoka Ulaya, yenye chapa ya kiwanda. Nje ya kituo cha treni palikuwa na mchuuzi aliyetandaza turubai, naye aliuza makufuli yenye chapa ileile, ndani ya maboksi yaleyale, kwa karibu nusu ya bei.

"Yale ni ya kuiga, kijana," mwenye duka aliniambia. "Nje ni sawasawa, ndani hamna kitu."

Nikaona anatetea biashara yake. Kufuli la sanduku langu la shule nilikuwa nimelinunua kwa mchuuzi huyohuyo, na halikuwahi kunisumbua. Nikanunua kwake yote niliyotumwa, pamoja na lile la stoo ya kijiji.

Stoo ilikuwa nyuma ya duka na ilikuwa na mlango wake. Ufunguo alipewa mama mmoja mjane, akauvaa shingoni kwa uzi, chini ya kanga. Kila asubuhi alifungua, akanipimia sukari, chumvi na sabuni za kuuza siku hiyo, akafunga. Hakumwongezea mtu hata kijiko, na mkwe wake alishamnunia kwa ajili hiyo.

Kisha sukari ikaanza kupungua, na wakati ule sukari ilikuwa adimu. Gunia lililofunguliwa Jumatatu, Alhamisi lilikuwa limelegea. Kufuli halikuvunjwa, paa halikutobolewa, na ufunguo ulikuwa mmoja. Watu hawakuhitaji kufikiri zaidi ya hapo.

"Mama, siku hizi chai ya kwako tamu, eti?" alisema mwanamume mmoja kwenye foleni.

"Karibu uionje, shemeji," alimjibu, akaendelea kupima chumvi.

Mwenyekiti wa kijiji akamnyang'anya ufunguo na kuitisha mkutano Jumamosi. Ilisemwa wazi kwamba baada ya mkutano atapelekwa polisi Manyoni. Mimi nilipewa ufunguo ule nihesabu vilivyobaki. Nikaufunga kwenye uzi mmoja na wa sanduku langu.

Asubuhi ya Jumamosi nilifungua stoo, nikahesabu, nikatoka. Nilipokuwa nafunga ndipo nilipotazama nilichoshika. Ufunguo ulikuwa na kitambaa chekundu. Kitambaa hicho nilikifunga mwenyewe shuleni kwenye ufunguo wa sanduku langu, nisije nikauchanganya na funguo za wenzangu. Nikaujaribu tena. Kufuli likafunguka bila ubishi.

Nikakaa juu ya debe tupu la mafuta ya taa. Muuza duka ndiye aliyenunua kufuli, na ana ufunguo wa pili: ndivyo watakavyosema. Nikinyamaza, mama anakwenda polisi. Nikisema, nakwenda mimi. Siwezi kudai kwamba niliamua upesi. Nilikuwa bado nimekaa pale niliposikia watu wanaitana kwenda mkutanoni.

Mama alikuwa amesimama peke yake mbele ya ofisi ya kijiji. Nilinyoosha mkono kabla Mwenyekiti hajaanza.

"Ndugu Mwenyekiti, ufunguo wa sanduku langu unafungua stoo."

"Tangu lini?"

"Nimejua leo asubuhi."

"Yeye kajua leo," mtu akasema nyuma. "Sukari imejua tangu mwezi jana."

Watu wakacheka. Mwenyekiti hakucheka. Mama akanisogelea.

"Kufuli lile la stoo ulilinunua wapi, mwanangu?"

"Kwa mchuuzi wa kituoni, mama."

"Na haya ya majumbani?"

"Kwa huyohuyo."

Akawageukia watu. "Basi kila mtu akalete ufunguo wake. Na wewe, Mwenyekiti."

"Wangu ni wa ofisi."

"Ndio huohuo."

Tukajipanga mlangoni pa stoo. Wa kwanza alikuwa katekista na ufunguo wa sanduku la sadaka. Kufuli likaruka. Wa pili haukufungua, wa tatu ukafungua. Yule mwanamume wa chai alijaribu kurudi nyuma, wakamsukuma mbele, na ufunguo wake ukazunguka kama umetiwa mafuta.

"Shemeji," mama akamwuliza, "wewe yako unatia vijiko vingapi?"

Funguo tisa zilifungua, ule wa Mwenyekiti ukiwamo. Aliushika mkononi akiutazama, kisha akasema mkutano umefungwa. Nani alichukua sukari hatukujua, na hakuna aliyetaka tena kuuliza.

Wiki iliyofuata nilikwenda kwa yule mzee wa Manyoni. Kabla sijamaliza kueleza, alivuta kopo kubwa kutoka chini ya meza. Lilijaa makufuli yaliyovunjika.

"Wananirudishia mimi, kwa sababu chapa ni hiihii. Wanasema nimewaibia. Sasa hata ya kweli hawanunui. Nimebaki na manne, na sitaagiza mengine."

Nikafungua kitambaa nilichobebea funguo za kijiji kizima, nikaanza kuzijaribu moja moja kwenye kufuli lake. Alivuta kiti akakaa. Hakuna hata mmoja uliozunguka.

"Ungenisikia mwaka jana, saa hizi ungekuwa nyumbani kwako," alisema, akanifungia kufuli ndani ya gazeti.

Siku ya kulifunga kufuli mlangoni watu walikuja wengi. Mwenyekiti alishika ufunguo mpya na kuanza hotuba ndefu juu ya imani ya kijiji kwa mama yetu huyu.

"Mwenyekiti," mama akamkatiza, "watu wanangoja chumvi."

Akauchukua ufunguo, akafungua, akaingia. Tukamsikia akisogeza gunia. Kisha akatokea mlangoni na kibaba mkononi.

"Haya, wa kwanza nani?"